Inggih Tatu za Bulik Tumirah

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimeitwa ofisini. Bu Kusrini, bibi mkuu mpya wa chuo chetu cha uuguzi, kanikaribisha kwa upole ulionitia hofu. Anasema somo langu, Mila za Mgonjwa, limezeeka kwenye ratiba. Vipindi vyake huenda akapewa mwalimu mwenzangu Bu Purwanti na mdoli wake wa plastiki wa mazoezi, yule anayepumua na kukoroma. Ijumaa atakuja darasani ajionee, kisha ataamua. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha, na mpinzani wangu ni mdoli. Tena ana nywele kunizidi.

Jumanne, 8 Oktoba
Somo la leo: neno “inggih”, ndiyo yetu ya adabu. Niliwaambia wanafunzi kwamba kwetu Java mgonjwa hakatai. Umekunywa dawa? Inggih. Utarudi kliniki? Inggih. Yaweza kuwa amekubali, yaweza kuwa amekusikia tu, na mara nyingi ni hapana iliyovaa nguo za kutokea. Tiur, binti wa Kibatak kutoka Sumatra, anayeongea kama anamwita mtu ng'ambo ya ziwa, akauliza, “Kwani Pak Marsudi, hapana yenu ilikufa lini?” Darasa likacheka. Nami nikacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Nikawasimulia habari za marehemu Mama, muuguzi kama mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa kituo kimoja cha afya, yeye na mimi, baiskeli mbili, mpunga kushoto na kulia, mkoba wake ukinukia mafuta ya kuchua. Akisikia inggih ya harakaharaka, haandiki kitu. Anakaa mkekani, anapokea chai tamu, anauliza habari za mbuzi. Kwenye chai ya pili mzee anavitoa vidonge vyote chini ya mto. Siku zile hata magonjwa yalikuwa na subira. Au Mama ndiye aliyekuwa nayo.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepata hila. Mdoli hajui kusema inggih. Nitaleta mtu: Bulik Tumirah, mdogo wake Mama, miaka sabini na mmoja, bingwa wa kuficha vidonge vya presha. Ijumaa atalala kitandani mbele ya mkuu, Tiur amhoji, ukweli utoke kwenye chai ya pili. Nimemwendea nyumbani, nikamweleza. Akasema inggih. Nikamwambia saa tatu kamili. Inggih, inggih. Kisha akaniuliza kama mvua itanyesha, akalisifu shati langu, akanifungia ndizi za kukaanga niende nazo. Sauti yake ni ya Mama kabisa. Nilikaa nikiisikiliza, maneno sikuyafuata sana. Imekuwa rahisi kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 10 Oktoba
Bu Purwanti kanikuta mkahawani. Kwa huruma ya kinafiki akauliza kama naomba kuazima mdoli. Nikamjibu kwamba wangu anatembea mwenyewe. Nikaongeza sahani ya pili.

Ijumaa, 11 Oktoba
Saa tatu. Kitanda kimetandikwa, chai ipo, Bu Kusrini kakaa nyuma na daftari. Bulik hayupo. Saa tatu na nusu, hayupo. Nikapiga simu, jirani akapokea, akasema Bulik yuko sokoni tangu asubuhi na simu kaiacha kwake kwa makusudi.

Nikaliambia darasa lazima amepatwa na dharura, maana aliahidi. Tiur akauliza, aliahidi vipi? Nikamsimulia yote, mpaka ndizi.

“Pak,” akasema, “huyo bibi alikataa Jumatano. Inggih tatu za mkupuo, mvua, shati, na ndizi za kukutoa mlangoni. Mtu mzima alazwe kitandani, avuliwe siri zake mbele ya wakubwa? Ni aibu, Pak. Hata mimi Mbatak nimesikia.”

Kisha darasa zima likaanza kubishana: alikataa hasa kwenye mvua au kwenye shati? Bu Kusrini akaacha kuandika, akasikiliza. Mimi nilijificha nyuma ya kikombe cha mgonjwa. Mama angekuwepo, angeshika mbavu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimemfuata Bu Kusrini, nikamuuliza bila kuzunguka: somo langu linabaki? Akasema inggih. Nikauliza tena, nipate uhakika. Inggih, inggih, Pak. Akamsifu Tiur, akaulizia afya ya mke wangu, akasema joto la mwaka huu limezidi, akanisindikiza hadi ngazini. Mkuu mzima. Heshima iliyoje.

Nikampa Tiur habari hizo nje, kwenye benchi. Akanitazama. Akaenda kununua chai mbili, akaja akakaa karibu nami na, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, akaniuliza bata wangu wanaendeleaje. Nimeongea saa nzima. Binti mwema, ila bado ana safari ndefu: mimi namletea ushindi, yeye anauliza bata.

Bu Purwanti kaonekana akipima darasa langu kwa futi. Nadhani anatafuta mahali pa kuhamia, maskini.