Kibali cha Kambare na Mhudumu Wake

Mutsamudu, Ndzuani
Jumatano, 14 Machi 1984

Kwa Mheshimiwa Kapteni Gaspard,
Itsandra, kaskazini ya Moroni.
Kwa mkono wa mpwa wangu Housseini, mkalimani wako, atakayekusomea barua hii kwa Kifaransa.

Mheshimiwa Kapteni,

Baada ya kukuamkia na kukutakia afya, mimi Sounhadj wa Djoumoi, mwalimu mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, naleta mbele yako malalamiko kuhusu samaki wako, kambare, ambaye ni mgonjwa na ambaye yuko ukumbini kwangu tangu tarehe 6 Januari. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyosomeshea skuli Unguja kwa miaka ishirini na miwili, na kwa sababu Kifaransa changu kinatosha kuamkia tu, hakitoshi kulalamika. (Housseini, mwanangu, fasiri neno kwa neno. Ila penye mabano kama haya usifasiri. Kohoa tu, kisha uendelee.)

Nimeyapanga kwa nambari ili iwe rahisi kuyakataa moja moja.

1. Kuhusu kufika kwake. Ngazidja haina mto hata mmoja. Mvua ikinyesha mawe huinywa yote, na watu wa Moroni na Itsandra hutumia maji waliyoyakinga. Daktari wako wa jeshini akasema ndiyo sababu ya madoa meupe yaliyomtoka kambare mgongoni: anataka maji ya mto. Mito iko kwetu Ndzuani. Ukauliza ni nani Mutsamudu mwenye vitabu, ukaambiwa ni mimi. Hilo silalamikii, ndiyo mara ya kwanza tangu nihamie hapa vitabu vyangu kuulizwa na mtu. Ninalolalamikia ni kwamba hakuna aliyepima vichochoro vyetu. Mji huu ulijengwa kwa ajili ya mtu mmoja anayekwenda na mwengine anayerudi, na hao wawili sharti wapishane kwa ubavu. Tangi la kioo lililobebwa na askari wanne lilikwama baina ya ukuta wa jirani yangu Roukia na ukuta wa msikiti, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Waliotaka kuswali walipita juu ya paa la Roukia, mmoja mmoja, viatu mkononi kwa adabu, naye Roukia amesimama chini akiwataja kwa majina wanaokanyaga nguo alizoanika. Kambare alikuwa akitutazama. Hatimaye maji yalimwagwa, tangi likalazwa ubavu, na mgonjwa akaingia kwangu ndani ya beseni la mke wangu Faouzia, ambalo mpaka leo hataki kulifulia.

2. Kuhusu pumzi zake. Koplo Zaïdou, aliyemsindikiza, alinikabidhi mashine ndogo ya kupuliza hewa pamoja na amri ya maandishi kwamba hewa isikatike. Umeme wa Mutsamudu haukupelekewa amri ile. Kila ulipokatika, mimi na Faouzia tulipokezana kupuliza kwa mdomo kupitia mpira wa maji. Tulifanya hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikumbuka sanduku langu. Nilipotoka Unguja mwaka 1964 nilichukua sanduku moja la vitabu na sikuchukua godoro, jambo ambalo mgongo wangu umenikumbusha tangu hapo. Humo mna kitabu cha Kiingereza kuhusu samaki wa maziwa na mito ya bara. Ukurasa wa 88 unaeleza kwamba kambare hutoa kichwa nje akavuta hewa mwenyewe, na kwamba akichukizwa na bwawa lake huweza kutambaa kwenye majani yenye umande akahamia jengine. Nilimsomea Faouzia. Akaniuliza, basi siku zote hizo tulikuwa tunampulizia nini. Naomba ofisi yako imjibu kwa maandishi.

3. Kuhusu matibabu. Majirani, si mimi, walimwomba Fundi Bourhane, mwalimu wa chuo cha mtaani kwetu, amwandikie mgonjwa kombe. Alikataa siku mbili, akisema kombe hunywewa kwa nia, naye hajui kama samaki hutia nia. Siku ya tatu alikumbuka kwamba mkwewe anatafuta kazi bandarini. Akaandika sahani nzima kwa zafarani na kuisuuza ndani ya tangi. Kwa siku tatu maji yalikuwa rangi ya pilau, na mgonjwa hakuonekana ila sharubu.

Kisha wakaja wavuvi wa Mirontsy. Mkubwa wao, Chabane, amevua miaka arobaini na hajapata kuona samaki asiye wa bahari. Alitia kidole majini, akaonja, akanitazama kama mtu aliyemfuma jirani yake akimnyima mtoto chakula. Mzee mzima mwenye vitabu, akasema, unamweka samaki kwenye maji yasiyo na chumvi, halafu unashangaa anaumwa. Nikamweleza kwamba huyu ni wa mtoni, ndivyo anavyoishi. Akajibu kwamba hata binamu yake anaishi Marseille, lakini si kwamba anapenda. Wakamimina ndoo ya maji ya bahari kabla sijafungua kitabu. Tangu siku hiyo, hali ya mgonjwa siwezi kuieleza bila kutetemeka. (Housseini, hapo shusha sauti.)

4. Kuhusu wageni. Hapa kwetu nyumba yenye mgonjwa haiachwi peke yake, na desturi hiyo naisifu. Lakini tangu ijulikane kwamba mgonjwa ni wa Kapteni, wamekuja kumtazama watu sitini na mmoja; ninao majina. Huvua viatu, hukaa mkekani, huniuliza mgonjwa kaamkaje, kisha husogea karibu na kioo na kueleza shida zao taratibu, kwa sauti ya kusikika. Mmoja mwanawe yumo kizuizini kwa kucheka wakati gari la jeshi lilipozimika njiani. Mwengine anaomba mlango wa skuli ufunguliwe, kwani askari wameweka magunia yao ndani. Wote wanajua kuwa samaki hasikii. Lakini ofisi wameshazijaribu, nazo hazisikii pia, na hazina mkeka. Huyu walau hufungua kinywa.

Faouzia alinikumbusha kwamba nilipolala na homa mwaka juzi walikuja watu wanne, na mmoja alikuja kuazima ngazi. Nilimwambia nimeliona hilo. Akaniambia, ota sharubu.

5. Kuhusu karatasi zake. Kambare alikuja na kibali cha kusafiri kutoka Moroni mpaka Mutsamudu. Nimekinakili. Jina: Kambare. Urefu: sentimita themanini na nne. Sababu ya safari: afya. Uraia: mstari mtupu. Mihuri miwili, saini tatu, na siku ya kuombwa ndiyo siku ya kutolewa.

Mimi niliomba kibali cha kwenda Unguja mwezi wa Septemba 1979. Sababu niliyoandika ni dada yangu Rahamatou, mama wa huyu anayekusomea, ambaye alibaki kule kwa mumewe. Ana miaka sabini na minne na macho yake yamezimika. Anataka kunishika uso, ajue nimezeekaje. Ofisi moja ya Moroni, ambayo sitaitaja, imenirudishia fomu mara nne, kila mara kwa swali la uraia. Unguja nilizaliwa, nikafika miaka hamsini na mmoja, ndipo nikaambiwa mimi ni Mngazija. Nikaja huku. Sikuwa Mngazija, babu yangu alikuwa mtu wa Ndzuani. Hapa Ndzuani naitwa Mzanzibari, hata na anayeniuzia mkate, na ni miaka ishirini sasa tangu aanze kuniuzia. Kambare aliweka mstari akapita. Nauliza kwa heshima: je, na mimi naruhusiwa kuweka mstari? (Hapo pumzika, mwanangu. Kunywa maji kwanza.)

6. Kuhusu ninachoomba. Mgonjwa anazidi, na visiwa vyetu havina mjuzi wa samaki wa maji matamu. Unguja yuko mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, anaitwa Fakri. Naomba kambare apewe kibali cha kwenda Unguja kwa matibabu. Hawezi kusafiri peke yake, ingawa kimya chake kingemfikisha mbali. Kwa hiyo, chini ya jina lake uongezwe mstari mmoja: pamoja na mhudumu. Katika kibali cha kwanza iliandikwa "pamoja na mashine ya hewa", na mashine ile haikuulizwa uraia wake popote. Iwapo neno mhudumu litaleta maswali, natanguliza kukubali kuandikwa kama kifaa.

Sijiombei kazi nisiyoiweza. Nyumbani kwetu Malindi, Unguja, palikuwa na birika uani, na ndani yake visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Dada yangu alivipa majina vyote, na kimoja kikifa hakusema na mtu siku nzima. Ukoo wetu una uzoefu.

Na kama ombi hili halikubaliki, basi askari wanne waje wamwondoe samaki huyu leo hii, kwani uso wake umenichosha. Ananitazama kila ninapokula.

Wasalimie maafisa wenzako wa Itsandra, mpishi wako, na wale mbwa wawili ambao nasikia nao wana karatasi. Huku Fundi Bourhane anakusalimu na mkwewe pia. Chabane na wavuvi wa Mirontsy wanasalimu na kuuliza kama una samaki mwengine asiyejiweza. Faouzia anasalimu, bado anangoja jibu la nambari ya pili. Roukia amesema atafikiri.

Ni mimi, mtunzaji wa mgonjwa wako,
Sounhadj wa Djoumoi

Baada ya saini. Kwa Housseini peke yake. Mbele ya Kapteni ikunje karatasi hapa.

Kambare amepona. Madoa yalianza kupukutika siku ya tatu baada ya ndoo ya Chabane. Nimerudi kitabuni, na ukurasa wa 91 unasema chumvi kidogo ndiyo dawa ya madoa meupe, jambo ambalo Chabane hatalisikia kutoka kinywani mwangu maisha. Kila Ijumaa, kabla Koplo Zaïdou hajaja kukagua, Faouzia husaga liwa yake ya usoni. Mwanzo tulimpaka samaki, ikaoshwa. Sasa tunaidondosha kwenye kioo cha nyuma, ionekane kama madoa, na koplo, ambaye hapendi kuinama, huandika "hali mbaya" na kwenda zake.

Fakri hajui samaki. Fakri anatengeneza saa. Nilipoandika kwamba uso wa kambare umenichosha, hilo nalo si kweli. Asubuhi nikivuta kiti huja kwenye kioo, sharubu mbele, nami humsomea. Tangu skuli sikuwahi kumsomea yeyote kwa Kiswahili akakaa mpaka mwisho wa ukurasa.

Basi kibali kikitoka, kambare atasafiri kweli. Simwachi kwa watu watakaomrudisha Itsandra. Kapteni hatamwona tena, na siku atakayolijua hilo usiwe mbele yake. Kwa kuwa wewe ndiye utakayepiga taipu, andika wahudumu wawili. Vifaa viwili, ikibidi.

Na umwandikie mama yako kwa posta ya kesho asafishe birika la uani. Asiulize la nini.