Sauti ya Babu na Dawa ya Kunguni

Leo nimeaibika, tena mbele ya Bibi yangu.

Mnakumbuka ule wimbo niliowarushia kwenye grupu? Nilimrekodi marehemu Babu akiimba wimbo wao wavuvi wa kuvuta wavu wa dagaa kule Kagunga, nikautengenezea biti chumbani kwangu Buzebazeba, kwa simu tu. Nikaandika kwa maringo: "Muziki wangu ni huru. Chukueni, changanyeni mtakavyo, bure." (Mtu wa watu mimi.)

Juzi simu ikadumbukia ziwani nikishuka boti Mwamgongo. Ikaenda na kila kitu. Sikuhangaika, maana wimbo si uko mtaani?

Leo Bibi kafanya dua ya kumkumbuka Babu, nyumbani kwake Ujiji. Kwangu aliomba jambo moja: wageni wakishakula, aisikie sauti ya mumewe. Tangu azikwe hajaisikia.

Asubuhi nikapita kwa jamaa anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi. Nikamwimbia kidogo.

"Huo ninao," akasema. "Unapigwa kila mahali siku hizi."

Kichwa kikavimba. Sikuusikiliza hata mpaka katikati. (Msanii mkubwa hasikilizi kazi yake kibandani.)

Shehe akaomba dua, akala, akaondoka. Kwa hilo namshukuru Mungu. Nikawasha spika. Babu akaanza, na ile sauti yake ya mikwaruzo. Akina mama wakasogea karibu. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi nimesimama pembeni kama bwana harusi.

Mara, humo humo kwenye spika, mtu akamkatiza Babu: "Dawa ya kunguni, mende, viroboto! Panya anakula ndani, anafia nje!"

Na Babu huko nyuma anaendelea tu kuvuta wavu.

Nikarukia spika kuizima. Ilikuwa ya kuazima, vitufe vyake sivijui, nikaongeza sauti. (Ndiyo, niliongeza.)

Mama Asha, jirani wa Bibi, akasema taratibu, "Kumbe wa kunguni ni mzee wetu? Mbona nilinunua na hawafi?"

Wengine wakachekea ndani ya khanga. Bibi hakucheka.

"Mwana wanje, mwanangu, nani kamtuma mume wangu akauze dawa?"

Nilitaka kusema ni mimi. Nikasema, "Shikamoo, Bibi." (Sijui ilitoka wapi.)

Wageni walipoondoka akaniita nikae karibu. "Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Akafumba macho. Ilipokaribia kunguni akainua mkono, nikazima. "Tena," akasema. Tumekaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, kidole changu juu ya kitufe. Mara moja nilichelewa, nikauona uso wake. Jamani, nimejuta.

Naandika kwa simu ya dada. Kucheka mtacheka baadaye, ni haki yenu. Kwanza tafuteni kwenye simu zenu: mwenye Babu asiye na kunguni anirushie, Bibi anasubiri.