Kituo cha Mama Viatu

Mjini walimwita Sukari, na si kwa sababu ya chai bali ya ulimi wake. Siku moja alikuwa akipita njia akamkuta muuza viatu, mama mwenye duka zuri lisilo na wateja, akilalamika mlangoni: "Watu wote wanashukia kule chini kituoni. Kwangu wanapita wamekaa dirishani, wananitazama kama picha!"

Usiku usingizi ukampaa Sukari. Kesho yake alirudi na koti la njano la mafundi wa barabara, akapima lami mbele ya duka kwa uso wa msiba.

"Kuna nini, kaka?"

"Kituo cha basi kinahama, dada. Ama hapa, ama kwa jirani yako. Ofisi haijaamua." Akashusha pumzi. "Na ofisi ndiyo mimi."

Mama Viatu hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Bahasha ikatoka, na jioni nguzo ikasimama, ina bati la buluu lenye neno KITUO. Rangi haijakauka, Sukari keshayeyuka.

Sasa sikia maajabu. Asubuhi watu wawili waliona nguzo, wakasimama. Watu kumi wakawaona wale wawili, wakapanga foleni. Dereva akaiona foleni, na dereva gani huwapita abiria? Akafunga breki. Wiki mbili baadaye Sukari alikuwa ndani ya basi aliposikia kondakta akiita, "Kwa Mama Viatu, wapo?" Nusura ameze ulimi. Duka lilifurika hadi kizingitini!

Mwenye akili angenyamaza. Sukari alivuka barabara kwa kinyozi aliyekuwa akifa kwa kijicho, akamuuzia kituo kilekile, akatia chake mfukoni, akarudi na sururu kung'oa nguzo.

"Wewe kijana, unafanya nini?" akauliza bibi mmoja aliyekuwa mbele ya foleni.

"Kazi ya ofisi, bibi."

Mama Viatu akatoka mbio. Sukari alijiandaa kwa matusi, akapokewa kwa vigelegele. "Jamani, afisa wetu huyu! Leo kaja kuchimba mashimo ya kibanda, mvua isitunyeshee tena!"

Foleni ikashangilia. Askari aliyekuwa wa tatu akampa mkono, wala hakuuachia. "Hongera, afisa. Nilidhani ni mhuni anayeng'oa nguzo ya watu, nikawa natafuta pingu."

"Ki... kibanda, ndiyo," Sukari akasema.

Mama Viatu akamnong'oneza: "Nilikwenda ofisini kesho yake uliposimika nguzo, hawakujui. Lakini mabasi yanasimama, kelele za nini? Mabati yanauzwa pale kona."

Hela za kinyozi ziliishia kwenye mabati, mbao na misumari. Saa kumi alasiri Sukari alikuwa juu ya paa, jasho linamtiririka. Askari, ambaye mabasi manne yalikuwa yamempita, alishika ngazi kwa upendo mkubwa. Ng'ambo ya barabara kinyozi alisimama mlangoni, wembe mkononi, akimtazama bila kupepesa.

"Inatosha, mwanangu," bibi akamwita. "Shuka upumzike."

Sukari akatupa jicho ng'ambo.

"Bado, bibi," akasema. "Naona pana nafasi ya msumari mmoja zaidi."