Kitenge Kimoja, Bei Mbili

Leo uso sina. Mkinikuta Mikindani nimejifunika leso hadi puani, nipiteni tu, msiniite jina.

Chanzo ni kwaya. Miaka sita nimekuwa nikiitikia kule nyuma karibu na spika, na mwaka huu nimepewa mimi, Mama Neema, kuanzisha wimbo wa Krismasi. Mbele, peke yangu, kipaza sauti mkononi. Sharti ni moja: sare ya kitenge cha kijani chenye maua ya manjano. Mwalimu wa kwaya kasema asiye na sare atakaa benchi na waumini wengine. Na Fundi Charo kasema ikipita leo saa kumi alasiri hapokei tena kitambaa cha mtu, labda nije nishonewe cha Pasaka.

Wenzangu walinunua zamani. Mimi nilikuwa nangoja bei ishuke. (Bei haishuki Desemba. Nimeshaambiwa, tuendelee.)

Asubuhi nikakiona mtandaoni, kwenye ukurasa mmoja unaitwa Pendeza Vitenge, picha yake ua waridi. Nikaandika. Akajibu upesi: "Kimebaki kipande kimoja, dada. Elfu moja na mia tano, kuletewa mia mbili." Nikamwambia nitafikiria. Mimi si mtu wa kununua kitu sijakishika. Mwaka jana niliagiza sufuria kwa simu, ikaja ya kuchemshia yai moja.

Nikatoka na mume wangu, Baba Neema, hadi Changamwe. Kwenye kwaya walikuwa wameniambia kuna Bi Rukia nyuma ya soko, duka dogo halina hata kibao, lakini vitenge vyake ni vya kweli. Baba Neema nikamwacha ng'ambo ya barabara kwa kinyozi. Mzima wa afya, chapati nne zilikuwa tumboni. Nawaomba mkumbuke hilo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Dukani mlikuwa na wanawake wawili wamekaa kwenye viti wanachagua madera. Na kitenge changu kile pale, kimetundikwa. Bi Rukia akasema ndicho kilichobaki, elfu moja na mia tano. Kimoja kwa simu, kimoja dukani, bei ileile. Ningejiuliza kwa nini, saa hizi nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi nilifurahi. Nikaona nina wauzaji wawili na wote nitawabana.

"Bi, nihurumie," nikasema. "Mume wangu amevunjika mguu. Mwezi wa pili huu hajafika kazini."

(Tusidanganyane. Nani hapa hupatana bei bila kuuguza mtu?)

Wale wawili wakanipa pole. Bi Rukia akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Basi kwa ajili ya huo mguu, mwanangu, lete elfu moja na mia tatu."

Hapo ndipo ningelipa niondoke. Lakini wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Hawakusema tu mauti ya nani.

"Naja, Bi, nazungumza kwa simu kidogo." Nikatoka mlangoni, nikamwandikia yule wa mtandaoni: "Nimepata mahali kwa elfu moja. Wewe utaniachia ngapi?" Kisha nikaona maandishi hayana machozi. Nikamrekodia ujumbe wa sauti, nikaulainisha vizuri, nikatuma, nikarudi ndani.

Kumbe kuna simu juu ya meza ya Bi Rukia, na imelia mara mbili.

"Hii ni simu ya biashara ya msichana wangu Zuhura," akaniambia. "Kaenda kumpelekea mteja mzigo, kaniachia mimi, na miwani nimeisahau nyumbani. Hebu nisomee mwanangu, wataka nini hawa?"

Nikaipokea. Ua waridi. Na chini ya ua waridi, picha yangu mimi, na joho la kwaya la mwaka jana, mdomo wazi.

Nikasoma hivi: "Anasema, Bwana asifiwe. Bei yenu ni nzuri sana. Mungu azidi kuwabariki."

"Mstaarabu huyo," akasema Bi Rukia. "Na hicho cha chini?"

"Hicho ni cha sauti, Bi. Kimeharibika."

"Cha sauti najua kubonyeza mwenyewe, ndivyo nizungumzavyo na dada yangu." Akanyoosha kidole, akabonyeza.

Sauti yangu ikajaa duka, na ile simu ni ya wale wanaopenda kelele: "Dada yangu, mimi ni mjane. Mume kaniachia watoto wanne. Kuna kibibi hapa kimenibania bei, hakina huruma hata chembe, na kitenge chake chanuka dawa ya mende. Nipe cha kwako kwa elfu moja, Mungu atakulipa."

(Mtoto ninaye mmoja. Neema.)

Bi Rukia hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Aliniangalia kwanza, ndipo akauliza, "Mwanangu, mumeo kafa saa ngapi? Ulipoingia hapa alikuwa na mguu tu."

"Kafia hapo mlangoni," akasema mmoja wa wale wanawake. Mwenzake alikuwa amejiziba uso na dera alilokuwa akilichagua, mabega yanamtikisika.

Mkidhani Mungu alinihurumia hapo, bado. Mlangoni akatokea Baba Neema, amenyolewa, anang'aa, miguu yote miwili. "Mama Neema, bado tu? Njaa inaniua."

"Ndiye marehemu?" akauliza Bi Rukia.

"Ndiye," nikajibu. Ningesema nini?

"Subhanallah," yule wa dera akasema. "Kafufuka na kunyolewa kanyolewa."

Nikaomba radhi. Si kwa kucheza, niliona aibu ya kweli, maana yule mama alikuwa amenipunguzia kwa moyo safi. Saa ya ukutani ilisoma tisa na nusu. Nikaliona lile benchi la waumini, nikamwona mwingine ameshika kipaza sauti changu, machozi yakanilenga.

Bi Rukia akakitungua kitenge, akanisogezea puani. "Nusa. Chanuka nini?"

"Udi, Bi."

"Nilidhani mende." Akakikunja taratibu, akakitia ndani ya mfuko. "Elfu moja na mia tano. Mguu umeshapona. Na mia mbili za kuletewa."

"Lakini Bi, mimi si niko hapa hapa dukani?"

"Umeniagiza kwa mlango na umeniagiza kwa simu. Lipa kotekote."

Alilipa Baba Neema. Kwa Fundi Charo tulifika zikiwa zimebaki dakika tano, akakipokea, akanipima huku akinilaumu. Njia nzima hadi nyumbani Baba Neema aliniuliza swali moja tu: alikufa kwa huo mguu au kwa kitu kingine, ili akiulizwa ajue la kujibu.

Sasa hivi ukurasa wa ua waridi umeniandikia. Ni Zuhura amerudi. "Asante kwa kununua kwetu, dada. Kijani kitakupendeza. Marehemu msalimie."

Krismasi njooni mnisikilize nikianzisha wimbo, ila tafadhali mtu asicheke. Marehemu atakaa benchi la mbele.