Gauni la Maua na Viatu Visivyolia

Kwako Ndugu Mhariri, na kwa yeyote anayekufungulia barua kabla hujafika kazini,

Natumaini u mzima na gazeti linatoka kwa wakati. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi yenye wanafunzi mia sita na kumi na wawili, na ni mwanamke wa miaka hamsini na minne. Nataja umri kwa sababu ndio ulioniponza.

Miezi miwili iliyopita nilipeleka viatu vyangu kwa fundi, akanirudishia vimefungwa kwenye ukurasa wa gazeti lako. Ulikuwa ukurasa wa mavazi ya wanawake, ile safu iitwayo Kabati la Bibi Pindo, na makala ya siku hiyo iliitwa "Mambo Matatu ya Kuachana Nayo Ukishavuka Hamsini". Sina kawaida ya kusoma habari za mavazi. Niliona tu kwamba mstari wa kwanza umekosa nukta, nikatoa kalamu nyekundu, na nilipofika mwisho wa kusahihisha nikawa nimeshasoma yote. Makala niliipa alama arobaini na moja kati ya mia.

Bibi Pindo aliandika kwamba mwanamke aliyevuka hamsini aachane na rangi ya kijivu, kwa kuwa inamfanya afanane na ukuta. Aachane na viatu vyenye chuma kisiginoni, kwa kuwa vinafika kabla yake. Na aachane na kuning'iniza rundo la funguo kiunoni, kwa kuwa yeye si ghala. Ndugu Mhariri, mambo hayo matatu ndiyo mimi. Nina magauni matano ya kijivu yanayofanana, moja kwa kila siku ya kazi, kwa sababu kijivu hakionyeshi vumbi la chaki. Viatu vyangu husikika kutoka korido ya pili. Funguo zangu ni kumi na tisa. Kwa miaka kumi na sita nimeiendesha shule hii hivyo, na kila mlango niliofungua nilikuta watu wameinama wanafanya kazi. Niliamini kabisa kwamba hivyo ndivyo walivyokuwa kabla sijafungua.

Ukurasa ule nilimwonyesha mdogo wangu wa kike ili tuucheke pamoja. Yeye hakucheka, akaniburuta hadi dukani. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kazini na gauni la njano lenye maua makubwa, viatu bapa vya soli laini, na funguo zote ndani ya mkoba. Naomba sasa niorodheshe hasara.

1. Mlinzi wa lango, ambaye amenifungulia kila asubuhi kwa miaka tisa, alinipa daftari la wageni nisaini. Kwenye nafasi ya "sababu ya kuja" niliandika "kazi". Wala hakusoma. Alinidhania mzazi aliyeitwa kwa makosa ya mtoto, akanionea huruma, akaninong'oneza kwamba mwalimu mkuu hana maneno mengi, nisimtazame sana usoni, nikubali kila atakachosema, na nikitoka nipite kwake nipate maji ya kunywa. Nilimshukuru, maana ningesema nini? Tangu ajue ni mimi hali chakula vizuri, na kosa si lake.

2. Nilifika mlango wa darasa la nne bila mtu kugeuka. Mbele ya ubao alisimama mwanafunzi amejifunga sweta kiunoni, kalamu zinaning'inia, akitembea kwa kupiga visigino na kuwauliza wenzake kama shule hii ni soko. Mwalimu wao alikuwa nyuma kabisa, anacheka mpaka anajifuta machozi. Nilitazama dakika nne nzima. Kwa haki niseme kwamba mtoto alinipata, hasa pale ninapokohoa kabla ya kutamka neno "nidhamu". Ningempa sabini na nane. Hapo ndipo nilipojua kwamba jina langu ni Saruji. Nimelisikia neno hilo likipita madarasani kwa miaka mingi kila ninapokaribia, nikadhani wanazungumzia ujenzi wa vyoo vipya.

3. Katika chumba cha walimu nimegundua kwamba kila mwalimu ana madaftari mawili ya maandalio ya masomo, moja la kunionyesha mimi na moja la kufundishia. Niliyachukua yote nikayalinganisha Jumamosi nzima. Lile la kufundishia ni bora. Sijui mnategemea nifanye nini na habari kama hiyo katika umri huu.

4. Hili ndilo lililonifanya nikate karatasi ya kuandikia. Kila Jumatano huwa napita darasa la sita kusikiliza usomaji, na kuna msichana wa safu ya tatu ambaye husoma kwa sauti safi kuliko wote. Wiki ya pili ya gauni nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa lao wakati wa mapumziko, chini ya dirisha, nikiwa natafuta bomba linalovuja. Ndani alikuwepo yeye na rafiki yake. Rafiki alikuwa anamsomea ukurasa wa Jumatano, sentensi moja moja, naye anarudia bila kuangalia kitabu. Msichana yule hajui kusoma. Ana miaka kumi na miwili. Watoto wote arobaini na watatu wa darasa lile wanaijua siri hiyo, kama nilivyokuja kuambiwa, na wana utaratibu: kwa kuwa mimi hufuata kurasa kwa mpangilio, hawakosei kipande kitakachofuata, na pale ukurasa unapotakiwa kugeuzwa kuna mmoja ambaye kazi yake ni kukohoa. Mwaka jana, Ndugu Mhariri, nilimpa zawadi ya msomaji bora wa shule. Ilikuwa kamusi.

Rafiki yake alimwambia kwamba labda waende tu kwa mwalimu mkuu, huenda akasaidia. Msichana akamjibu, "Afadhali nisijue kusoma mpaka nife, kuliko yeye ajue kwamba sijui."

Nilirudi ofisini nikafunga mlango, na korido nzima hakuna aliyejua nimepita. Niliumia. Naomba neno hilo mliache kama lilivyo, msilitafutie lingine.

Hasara yenyewe ni hii. Saa ya chakula cha mchana, ambayo kwa miaka kumi na sita ilikuwa yangu ya kusinzia, sasa nakaa na msichana huyo na kitabu cha darasa la kwanza. Siku nne za mwanzo hakufungua mdomo. Siku ya tano alisema gauni langu lina maua kumi na manne upande wa mbele, maana alikuwa ameyahesabu badala ya kunitazama. Sasa tumefika silabi za "nya". Anakula karanga zangu. Juzi alinikatiza nikieleza, akaniambia nakwenda mbio, nirudie. Nikarudia. Sijaambiwa nirudie kitu tangu nilipokuwa chuo cha ualimu.

5. Watu wanaingia ofisini kwangu. Mpishi wa shule aliingia kuniambia kwamba jiko linamuunguza mkono tangu mwaka juzi. Mwalimu wa darasa la sita aliingia akalia, akasema habari za yule msichana alizijua siku nyingi, ila kila alipofika mlangoni kwangu miguu iligoma. Ofisi ilikuwa na viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea mafaili, na vilitosha. Sasa nimeagiza benchi.

Nadhani unaona hatari ilipo. Ikiwa gauni moja na jozi moja ya viatu vimeivuruga shule yenye amani kwa majuma sita, itakuwaje ushauri huu ukisomwa na wakubwa kuliko mimi? Hebu fikiria mganga mkuu wa hospitali anapita wodini na maua begani, hakuna anayemtambua, akasikia kwa masikio yake wagonjwa wanavyojibiwa. Fikiria mkurugenzi amekaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake mwenyewe, anaambiwa arudi kesho. Fikiria waziri, mwanamke mtu mzima, amevaa soli laini! Hakuna ofisi itakayosalimika. Tutajua kila kitu kuhusu kila mahali, na tukishajua itatubidi kufanya kazi. Taarifa zetu zote zinazosema hali ni shwari zimeandikwa na watu wanaosikika kutoka mbali.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: kwanza, Bibi Pindo afute makala yake na kutangaza kwamba kijivu ndiyo rangi pekee inayomfaa mwanamke mwenye madaraka. Pili, aje shuleni kwangu siku tano, avae magauni yangu matano, aone jinsi maisha yanavyokuwa matulivu. Tatu, kila gauni la maua linalouzwa kwa mwanamke aliyevuka hamsini lishonewe kengele kwenye pindo. Nne, wenye vyeo watembee na mtu wa kuwatangulia akipiga filimbi, na gharama zilipwe na gazeti lako.

Nafunga hapa kwa kuwa benchi limeletwa na mafundi wananiuliza liwekwe wapi. Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, anayewachemshia chai, na msafisha ofisi, ambaye naamini anajua mengi kuliko ninyi wote. Bibi Pindo naye msalimie, lakini kwa kiasi.

Ni mimi, kwa masikitiko na kwa wino mwekundu kwa kuwa mweusi umeisha,

Mwalimu Mkuu

Tanbihi: Barua hii imelala mezani siku mbili. Asubuhi ya leo nimepita darasa la tano, na kabla sijafika mlangoni wote walikuwa wamesimama, kimya, madaftari wazi. Gauni limeshajulikana. Mchana nilimuuliza msichana wangu kama anafurahia kusoma, akasema ndiyo, kisha akasema hayuko peke yake, wapo wengine wasiojua kusoma darasa la tano, na amekataa katakata kuwataja. Kwa hiyo haya yote niliyoandika msiyachape. Mwombeni tu Bibi Pindo aniambie upesi rangi ambayo hakuna mtu shuleni anayeweza kuitarajia mwilini mwangu. Kifua ni inchi arobaini na mbili. Hata zambarau nitavaa. Naihitaji kabla ya Jumatano.