Eneo la Wazi

Jumanne, tarehe kumi na nne, mwezi wa nne. Asubuhi ilianza kwa manyunyu, kisha jua likachungulia kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Nilitoka kusali, nikapita kijiweni kwa Shangazi muuza kahawa. Nilimkuta Randa, seremala wetu, anacheka peke yake na simu mkononi.

"Jiji limetoa mpango wa matumizi ya ardhi. Ramani nimeipiga picha pale ofisini. Kwenye banda langu wameandika nini? Eneo la wazi!"

"Wazi!" alidakia Mkurugenzi. Huyu tunamwita hivyo kwa utani; alikuwa tarishi wa ofisi ya ardhi kwa miaka ishirini na sita. Amebeba mafaili mengi mpaka anaamini ameyasoma. "Wazi maana yake halina mwenyewe. Jenga, kaka."

"Matofali nimeshaagiza. Jumamosi nasogeza ukuta mpaka kule mtaroni."

"Mtaro upi? Ule unaoujaza maranda?" Shangazi aliuliza huku akimimina kahawa. "Mvua ya juzi maji yalinipandia mpaka kitandani, hata hodi hayakupiga."

"Lilaumu jiji, Shangazi. Kila siku nasema, mji huu haujapangwa!"

Niliomba ile simu. Kwenye masomo ya jioni wiki iliyopita tulifundishwa kusoma ramani. Nilipata kumi na tatu kwa ishirini, nikamshukuru Mungu.

"Ndugu yangu Randa, tazama maelezo ya rangi hapa chini. Kijani ni eneo la wazi, yaani pa kuachwa wazi. Watoto wacheze, maji yapite. Hapajengwi kitu. Banda linatakiwa liondoke."

"Wazi gani hiyo ya kumfukuza mtu?"

"Wazi kama kichwa cha Mkurugenzi," alisema Shangazi. "Hakijaota kitu, na hakuna ruhusa ya kuotesha."

Mungu anisamehe, nilicheka. Randa hakucheka. Aligeuka akalitazama banda lake ng'ambo ya njia, na kabati ambalo halijapigwa msasa limesimama mlangoni.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Watoto wanne wamesoma kwa banda lile."

Mkurugenzi alikohoa kiofisi. "Ndiyo hivyo. Sheria ni msumeno, kaka, hukata mbele na nyuma."

"Sasa hivi si umeniambia nijenge?"

"Nilikuwa sijavaa miwani."

"Msumeno ninaoujua mimi hukata pale anapotaka aliyeushika! Mji upangwe, sikatai. Lakini kwa nini waanzie kwangu?"

"Ulitaka waanzie wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani yako ni mimi," alisema Shangazi, birika likiwa limeganda hewani.

Nilisogeza picha kidogo. "Msigombane. Huu mstari wa njano ni hifadhi ya barabara. Jiko la Shangazi limo. Benchi hili limo. Na Mkurugenzi aliyelikalia yumo."

Mkurugenzi aliruka kama aliyekalia siafu. "Hapo wamekosea vipimo! Mimi nawajua wale!"

Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo. Maoni yanapokelewa kwa siku thelathini, mwisho leo saa tisa alasiri. Siku zote thelathini tangazo lilikuwa ukutani kule ofisini, nasi tulikuwa hapa tukiwapanga wachezaji wa timu ambazo hata hazijui kama tupo.

"Andika!" Randa aliniambia. "Napinga kijani, napinga njano, napinga rangi zote!"

"Na maji yapite wapi, mdogo wangu?" Safari hii Shangazi hakuwa akitania. "Mjukuu wangu analala kitanda kile kile."

Randa alitazama upande wa mtaro. Alikunywa kahawa iliyokwisha poa.

"Kwani mafundi wametengewa wapi?"

Nilitafuta. "Zambarau, nyuma ya soko. Viwanda vidogo. Lakini mtu aombe. Asipoomba, watajua ameridhika."

"Basi niandikie. Mimi nikiandika, wataona ni vipimo vya mlango."

Nilichana karatasi ya daftari langu. Niliandika kazi yake, miaka yake, na kwamba anaomba kiwanja huko kabla hajaondolewa hapa. Shangazi aliagiza jina lake liongezwe, apewe pa kuweka jiko. Mkurugenzi alisahihisha mahali palipokuwa sahihi. Randa akachomoa penseli nyuma ya sikio, akatia sahihi taratibu kama anayepima ubao wa mwisho. Niliikunja barua niipeleke ofisini kabla ya saa tisa. Kisha Randa akasimama.

"Shangazi, Mkurugenzi, mwanafunzi, nisikieni, na Mungu anasikia. Wakinipa kiwanja, banda hili nalibomoa kwa nyundo yangu mwenyewe. Mtaro nauzibua kuanzia leo. Na kwa mbao za banda nitawatengenezea watoto bembea hapo hapo kwenye kijani chao. Wa kwanza kuipanda ni Mkurugenzi, tujue kama inabeba mzigo!"