Kibano cha Mzee Lameck

Hapa Mbugani habari haihitaji gazeti. Asubuhi springi moja tu imeruka gereji kwa Anord, kabla ya saa sita mji mzima unasema injini imelipuka na fundi hana miguu. Miguu anayo, mimi nilikuwepo. Springi ilichomoka mezani, ikapita juu ya vichwa vyetu pale benchi la kahawa la Ikupa, ikatua kwenye bati la choo cha jirani. Kuku ndio walioumia, tena kisaikolojia.

Anord tunamwita Nyundo, maana kila ugonjwa wa gari anauanza nayo. Alikuwa ameshusha hedi, kichwa cha injini, ya kirikuu cha Naomi, kigari chake cha kubebea ndizi, anataka kutoa valvu iliyoungua aweke mpya. Valvu inashikiliwa na springi ngumu, haitoki mpaka springi ikandamizwe. Yeye akaweka kipande cha bomba juu ya springi, akagonga.

"Nyundo, ulikuwa unatengeneza gari au unawinda?" aliuliza Hezroni. Huyo ni Redio, haijulikani anatumia betri gani.

"Nilikosea kidogo tu."

"Kidogo ndiyo kunikosakosa sikio hivi?"

Naomi alisimama, mikono kiunoni. Nusu ya maisha yake yapo mpakani Kasumulu na nusu ng'ambo kwa shangazi zake Karonga, ndiyo maana anaitwa Mama Kasumulu.

"Jamani, ndizi zangu zimeshakatwa, zimelala barabarani Makwale. Wateja wanazitaka kesho, tena mbichi. Zikiiva nitawauzia nini, harufu?"

"Tatizo ni kifaa," alisema Wenceslaus. Bwana Mpango huyo, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Rombo, mpaka leo anaishangaa mvua. Akatugeuzia simu. "Oneni hiki. Seti kamili, boksi lake, mikono sita. Kinakandamiza springi hata hedi ikiwa bado kwenye gari."

"Hedi si hiyo hapo mezani?" Redio aliuliza.

"Ndiyo, lakini kwa mtazamo wa mbele..."

"Kinafika lini?"

"Kinatoka Dar. Wiki. Au mbili, inategemea."

"Wakati huo ndizi zitakuwa zimeshakuwa pombe na tumeshalewa."

"Mimi nikipata bomba nene zaidi," Nyundo alianza.

"Kaa chini!" tulisema wote, na kuku nadhani.

Ikupa akaweka birika chini. "Mnapiga kelele za nini wakati kibano cha Mzee Lameck kipo? Kile kilichopinda kama upinde, kina skrubu. Mkono mmoja unazuia valvu kwa chini, mwingine unabana springi kwa juu. Unazungusha taratibu tu."

"Wewe umejulia wapi?"

"Kilikaa hapa mwezi mzima. Fundi mmoja alikiazima, kumbe anabania mguu wa meza yangu. Tangu hapo mzee hampi fundi. Mwenye gari aende mwenyewe akaombe, uso kwa uso."

Kijiwe kizima kikageuka. Tukamtazama Naomi, naye akatazama vidole vya miguu yake.

Mzee Lameck ndiye aliyemzaa Bryson, na Bryson ndiye mume wa Naomi. Sasa kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akimwona kwa mbali barabarani anaingia kwenye mpunga wa watu, mvua inyeshe isinyeshe. Hata jina lake halitaji.

"Kwani mzee hajui gari ni lako?" Redio aliuliza.

"Atajuaje? Nimelinunua juzi, na hatuongei!"

"Bryson aende basi."

"Bryson yuko Chunya, simu haipatikani. Halafu gari si lake, ni langu."

Tukiwa kwenye mabishano hayo, Bwana Mpango akarudi kutoka pembeni, simu mkononi, uso unang'aa. "Nimemaliza. Nimempigia mzee, nikamwambia mwenye gari yuko hapa ila ana aibu kidogo. Anakileta mwenyewe."

"Umemwita *hapa*?"

"Si mlitaka uso kwa uso?"

Kengele ya baiskeli ikasikika kwenye kona. Naomi hakuaga. Alirukia bodi ya kirikuu, akajivuta chini ya turubai.

"Ndaga," mzee alisalimia, akafungua kiroba nyuma ya baiskeli.

"Ndaga, tata," tuliitikia, kama watoto kwa baba.

"Mwenye gari yuko wapi?"

Redio akamkanyaga Bwana Mpango mguu. "Ni... mimi, mzee," Bwana Mpango aliropoka.

"Limeungua valvu ipi? Ya kuingiza hewa au ya kutoa moshi?"

"Zote zinaingiza na kutoa, mzee. Ndiyo maana limechoka."

Tulicheka. Turubai nalo likacheka.

"Mle mna nini?"

"Ndizi," alisema Redio.

"Ndizi gani zinacheka?" Mzee akashika pembe ya turubai.

"Tata, mkweo!" Ikupa alipiga ukelele.

Mzee aliachia kama ameshika jiko. Akageuka, akashusha kofia mpaka puani, akaanza kuongea na ukuta wa gereji. "Anord. Muulize huyo aliye humo. Gari ni lake?"

Nyundo akainamia turubai. "Anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ni langu. Mwambie naomba chombo. Mwambie ndaga fijo, asante sana."

"Tata, anasema..."

"Sijaziba masikio."

Akatoa kibano, akakiweka chini, akakisukuma nyuma kwa kisigino. Alipanda baiskeli kofia ingali puani, akaparuza mgomba, akanyooka. Alipofika mbali akakumbuka ukali wake. "Na aliyeomba ndiye anirudishie! Mkono kwa mkono! Sitaki mtu wa kati!"

Nyundo akafunga kibano kwenye hedi, akazungusha skrubu. Springi ikashuka kimya, valvu ikatoka kama jino bovu. Naomi akatoa kichwa, nywele zimejaa pumba za mpunga.

"Ndizi zimepona! Sasa hiki nitakirudishaje?"

Bwana Mpango alifungua mdomo. Redio akamziba kwa kiganja.

Nyundo alishashika nyundo yake. Alikuwa ukutani, anapigilia msumari wa kutundikia kibano, mnene, wa kukaa miaka.